Vijana wa Karatu na Ngorongoro Katika Miji ya Ng'ambo

Kila mwaka ifikapo Agosti na Septemba, vijana wetu hufunga mizigo kwenda kusoma katika vyuo vikuu vya ng'ambo, na miongoni mwao wamo wana wa Karatu na Ngorongoro. Hupanda basi la alfajiri kwenda Arusha, na kabla ya siku tatu kupita wamekwisha kushuka katika mji wa watu mamilioni ambao hakuna hata mmoja awajuaye wazazi wao. Leo twapenda kusema nao, na zaidi kusema na wazee waliowapeleka, kwa kuwa yako mambo ambayo hayaandikwi katika barua ya chuo.

Kwanza, kijana wa Karatu hana sababu ya kujidhania kuwa mshamba kuliko wenzake. Amekulia katika mji upitwao na wageni wa dunia nzima waendao kuitazama kreta ya Ngorongoro, naye amewaona kwa macho yake jinsi walivyo siku ya kwanza. Mgeni huyo huenda kwao ni profesa au jaji, lakini afikapo lango la Lodoare huuliza kila kitu: maji haya yanyweka? Usiku kuna baridi kiasi gani? Mnyama yule aitwaje? Hutelemka kwa njia ya Seneto akiwa na kiongozi wake, hupanda kwa njia ya Lerai, na ikifika saa 12 jioni sharti awe amekwisha kutoka huko chini. Hajioni amedharauliwa kwa kuongozwa. Wala sisi wenyeji hatumcheki. Twamwona ni mtu mwenye akili anayetaka kurudi kwao salama. Sasa zamu ya kuwa mgeni imemfikia kijana wetu. Mbona yeye aone haya kuuliza?

Twalisema jambo hili kwa mkazo kwa sababu haya hiyo ndiyo iwaponzayo wengi. Kijana ameshinda mtihani, kijiji kimemfanyia sherehe, naye hudhani mtu aliyeshinda hapaswi kuonekana hajui namna ya kununua tikiti ya treni. Hata sisi twashangaa ni nani aliyewafundisha vijana wetu kwamba msomi haulizi, maana walimu wetu wa zamani walitufundisha kinyume chake. Basi kijana hunyamaza, na mji mkubwa hauna huruma na mtu anyamazaye. Huko China, mgeni asiyelala hotelini hutakiwa kujiandikisha polisi katika saa 24 za kufika kwake. Ujerumani hutakiwa kuandikisha anwani yake katika majuma mawili tangu alipohamia. Uingereza humruhusu mwanafunzi mgeni wa shahada kufanya kazi ya ujira, lakini isizidi saa 20 kwa juma wakati wa muhula. Akizidisha, amevunja sharti la ruhusa iliyomwingiza nchini, na aweza kurudishwa kwao kabla hajaona karatasi ya mtihani. Sheria hizo si siri. Vyuo vingi vina ofisi ya wanafunzi wageni iliyowekwa kwa kazi hiyohiyo, na mara nyingi karani wake hukaa siku nzima akingoja kuulizwa.

Chumba nacho kimewatoa machozi wengi. Wako matapeli wapangishao nyumba zisizo zao: hutuma picha nzuri, hudai kodi ya miezi mitatu mbele, na mgeni afikapo mlangoni na sanduku lake hukuta wenyeji wengine wanakula chakula cha jioni. Mzee wa Rhotia au Endulen hawezi kununua ng'ombe asiyemwona, akatuma fedha kwa mtu asiyemjua. Hekima hiyohiyo ya mnadani yatosha kabisa katika mji wowote wa Ulaya. Ni afadhali kijana alale katika bweni la chuo majuma ya mwanzo, hata kama ni ghali kidogo, mpaka atakapokwenda mwenyewe kukitazama chumba.

Kuhusu baridi hatutasema mengi. Mtu aliyechunga mifugo ukingoni mwa kreta, karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, katika ukungu wa mwezi wa Julai, aijua baridi kuliko ndugu zetu wa Pwani. Kitakachomshangaza ni giza. Kwetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Lakini Edinburgh, alikosoma Mwalimu Nyerere kuanzia mwaka 1949 hadi alipopata shahada yake ya M.A. mwaka 1952, jua la Desemba huzama kabla ya saa 10 alasiri. Giza la namna hiyo huingia moyoni. Kijana hulala mchana, hukosa darasa, huacha kula pamoja na watu, naye asijue ni nini kilichompata. Na ajue mapema kwamba wenyeji wenyewe huliona, wana jina lake na wana waganga wake, na kwamba kwenda kumwona daktari wa chuo kwa ajili ya huzuni si wazimu.

Lugha isimtishe. Wilaya ya Karatu na jirani yake Ngorongoro ni mahali ambapo Mwiraqw, Mmasai, Mdatoga, Mhadzabe na watu wa lugha za Kibantu hukutana njia moja, na lugha zao hazina undugu wa karibu hata kidogo. Mtoto wa huko hujifunza Kiswahili juu ya lugha ya mama yake, kisha Kiingereza juu ya hicho. Akipelekwa Uturuki au China akaambiwa mwaka wa kwanza ni wa kujifunza lugha, hiyo ni ya nne tu.

Wala hatangulii yeye. Tepilit Ole Saitoti, Mmasai aliyekulia katika nchi ya Ngorongoro na Serengeti, aliyepata kufanya kazi katika hifadhi ya Serengeti, alikwenda Marekani katika miaka ya 1970 akasoma Emerson College, Boston, kisha Chuo Kikuu cha Michigan. Aliandika maisha yake katika kitabu kilichotolewa mwaka 1986. Boston haikumfanya aache kuwa Mmasai, wala Umasai haukumzuia kusoma.

Sasa twawageukia wazee. Fedha za masomo hayo hutoka wapi? Hutoka katika vitunguu vya Mang'ola, katika mahindi na mbaazi za Karatu, katika ng'ombe wa ukoo. Mwaka 2017 India ilipoweka kiwango cha mbaazi zitakazonunuliwa kutoka nje, bei ilianguka huku kwetu, na gunia likakosa thamani. Tumfikirie mzazi ambaye wakati huo mwanawe alikuwa akisoma hukohuko India. Baba hakutaka kumtia hofu mtoto, akasema mambo ni mazuri. Mtoto hakutaka kumtia hofu baba, akasema ameshiba. Kila mmoja alimficha mwenziwe kwa mapenzi, na katikati yao karo haikulipwa. Chuo kikijua mapema chaweza kukubali malipo ya awamu au kutafuta msaada. Kikijua siku ya mtihani, humfunga mwanafunzi mlango.

Liko na jambo lingine la Ngorongoro. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni. Kulijadili jambo lenyewe si kazi ya makala hii, lakini mwanafunzi aliyeko mbali aambiwe na wazazi wake wenyewe nyumba ya kwao iko wapi sasa, mifugo iko wapi, na nani amebaki. Kuyapata hayo kutoka kwa watu baki, usiku, katika chumba cha mji wa kigeni, kwaumiza kuliko habari yenyewe.

Kwa hiyo simu inapopigwa, mzee asiishie kuuliza, "Masomo yanaendeleaje?" Amwulize amekula nini leo, anakaa na nani, deni lake ni kiasi gani. Na kabla ya hayo yote, kabla mbuzi hajauzwa, familia iulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo hicho kinatambuliwa, kwa maana shahada ya ng'ambo hupelekwa huko kutathminiwa mwenye nayo arudipo. Aliyekwisha kuondoka bila kuuliza, na aulize sasa, kabla hajalipa karo ya mwaka wa pili.