Je, Wajua? Shaba, Kobalti na Sayansi ya Vichocheo

Sisi watu wa Lubumbashi tumezoea kupima shaba na kobalti kwa tani na kwa foleni ya malori mpakani Kasumbalesa. Lakini katika maabara, chembe chache tu hutosha kufanya maajabu.

Je, wajua kichocheo ni nini? Ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kuisha. Ndiyo maana kidogo chake hufanya kazi kubwa.

Je, wajua vichocheo vilimpa mtu mmoja Tuzo ya Nobel mara mbili? Ni K. Barry Sharpless, Mmarekani aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1941. Alitunukiwa mwaka 2001 na tena 2022. Watu 5 tu duniani wamewahi kuipata mara mbili. Wengine ni Marie Curie, Linus Pauling, John Bardeen na Frederick Sanger.

Je, wajua kazi ya maabara ilimgharimu Sharpless jicho? Mwaka 1970, akiwa mwalimu kijana wa chuo cha MIT, mrija wa kioo ulilipuka karibu na uso wake. Hakuiacha maabara. Mwaka 1980, pamoja na Tsutomu Katsuki, alitangaza kichocheo cha titani kinachochagua moja kati ya maumbo mawili ya molekuli yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Katika dawa, umbo moja laweza kuponya na jingine kudhuru.

Je, wajua Nobel yake ya pili ilitokana na shaba? Mwaka 2002, yeye akiwa California na Morten Meldal akiwa Denmark, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba shaba huunganisha molekuli za azaidi na alkaini kwa urahisi mkubwa. Bila shaba, kazi hiyo hudai moto na muda, na hutoa bidhaa mbili zilizochanganyika. Shaba huiharakisha mara mamilioni, na bidhaa hutoka moja.

Je, wajua mahitaji ya kazi hiyo ni machache? Mrututu kidogo, ule wa buluu. Chumvi ya vitamini C. Maji yaliyotiwa alkoholi. Vitamini C huibadilisha shaba iwe katika hali ya kuchochea. Hakuna haja ya kupasha moto.

Je, wajua una kobalti mwilini? Kila molekuli ya vitamini B12 ina atomu moja ya kobalti katikati.

Je, wajua chupa ya plastiki ya maji nayo inahusiana na kobalti? Asidi ya tereftaliki, mojawapo ya malighafi zake, hutengenezwa kwa kichocheo cha kobalti na manganizi.

Je, wajua terili letu, ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru, lina gerimani? Oksidi ya madini hayo ni kichocheo kingine cha kutengenezea plastiki hiyo hiyo.

Je, wajua kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ina mrithi Ubelgiji? Tangu 2001 anaitwa Umicore, na miongoni mwa bidhaa zake ni vichocheo vya kusafisha moshi wa magari.

Mzazi wa Lubumbashi, mwanao akisema anataka kusoma kemia katika chuo kikuu chetu, UNILU, mpe baraka zako. Nanyi wenye migodi, wapeni vijana hawa maabara zenye vifaa. Madini tunayo, tunachodaiwa sasa ni kuwasomesha watakaoyatumia hapa hapa.