Heshima Kazini Ianze Kwetu

Ndugu wafanyakazi, jirani zetu wa Tanzania wametuachia funzo. Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani walikishika. Katika miaka iliyofuata waligoma mara kadhaa, wakidai si mshahara tu, bali pia heshima mbele ya meneja.

Lakini uongozi si wa meneja peke yake. Nyapara anayepima chai aisome mizani kwa sauti ili mchumaji asikie. Fundi amwelekeze mgeni bila matusi. Mjumbe wa chama asikilize kabla ya kusema. Tukitendeana hivyo sisi kwa sisi, madai yetu kwa mwajiri yatakuwa na nguvu.