Fundi wa paa Tanga, andika dhamana upate kazi

MASIKA yakianza Tanga, mafundi wa kupaua hawapokei simu. Maneno hayo ni ya shangazi yangu anayeishi Makorora. Nyumba yake ilipauliwa upya mwezi wa Januari, na ilipofika Aprili alikuwa ametega ndoo tatu sebuleni.

Nilikwenda kumsalimu siku ya mvua. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, kaa upande huu, huko kunadondoka." Fundi alikuwa amemwambia kwamba paa lile angelisahau kwa miaka 20. Nikamuuliza kama waliandikishana popote. Akacheka. "Nani anaandikishana na fundi?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria swali lake kama mchumi. Kama hakuna anayeandika, basi fundi wa kwanza atakayeandika ana biashara mikononi.

Tuanze na soko lenyewe. Mtu wa Ngamiani au Pongwe anayetaka kupaua huletewa bei na mafundi watatu au wanne. Wote wanasema wana uzoefu. Wote wanaonyesha nyumba walizopaua, na nyumba hizo zikitazamwa kutoka barabarani zinafanana. Kazi ya paa imejificha: msumari uliopigwa vibaya, papi lililopinda, bati lililopishana kwa mkunjo mmoja tu. Hayo hayaonekani mpaka maji yapite. Kwa hiyo mteja hushika kitu kimoja anachoweza kukipima, yaani bei. Anampa kazi aliye rahisi, na fundi mzuri anayetumia misumari yenye mpira na muda mwingi zaidi anabaki kijiweni.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba pale muuzaji anapojua ubovu wa bidhaa na mnunuzi hajui, vibovu huvifukuza vizuri sokoni. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Akerlof mwenyewe alitaja dhamana kuwa mojawapo ya dawa, kwa sababu inahamisha hasara kutoka kwa asiyejua kwenda kwa anayejua.

Mfano wake mkubwa wa kibiashara ulitoka Korea. Miaka ya 1990 magari ya Hyundai yalikuwa yakichekwa Marekani kwa ubovu. Mwaka 1998 kampuni ikatangaza dhamana ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na mfumo wa kuendesha magurudumu. Mwaka huo iliuza huko magari kama 90,000. Mwaka 2003 ilikuwa imefikia karibu 400,000. Ni kweli kwamba magari nayo yaliboreshwa, na hapo ndipo penye somo: aliyeahidi miaka 10 hawezi tena kutengeneza kitu cha miaka mitatu.

Sasa turudi pwani. Hapa kwetu bati lina maadui ambao bati la Dodoma haliwajui. Upepo wa kusi unapovuma unaleta chumvi ya bahari, na chumvi ikikaa juu ya bati lenye unyevu inakula zinki mpaka inafika kwenye chuma. Nyumba ya Raskazone au ya ukingoni mwa Pangani inapata chumvi nyingi kuliko ya Muheza. Ongeza kwamba watu wengi hununua bati jembamba kwa kuwa ni rahisi. Wengine hata hawajui kwamba namba ya geji ikipanda bati linapungua unene, yaani geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni jembamba kuliko 28.

Hapa fundi awe mwangalifu, maana kuna dhamana mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kiwanda, na inahusu bati lenyewe: kutu, rangi kubabuka. Viwanda vingi duniani vinavyotoa dhamana ya miaka mingi huweka masharti kwa maandishi madogo, na sharti linalojirudia mara nyingi ni kuziondoa nyumba zilizo karibu na bahari. Jingine ni mabanda ya mifugo, kwa sababu hewa ya mbolea ya kuku na ng'ombe inakula bati kutoka chini. Fundi wa Tanga anayemwambia mteja "bati hili lina dhamana ya miaka 15" bila kuisoma karatasi ya kiwanda anaahidi mali ya mtu mwingine.

Dhamana ya pili ni ya kazi, nayo ndiyo ya fundi mwenyewe. Inahusu kuvuja, kofia kung'oka, bati kupeperuka, kenchi kulegea. Hii ndiyo ninayosema iwe ya ukarimu. Makandarasi wakubwa wamezoea kipindi cha uangalizi wa kasoro, mara nyingi miezi 6 au 12, huku mteja akizuia sehemu ya fedha. Fundi wa mtaani akitoa miaka 5 kwa maandishi atakuwa amewapita wote.

Najua atakavyosema: nitafilisika. Hebu tupige hesabu, na namba hizi ni za mfano tu. Chukua fundi mzuri anayepaua nyumba 20 kwa mwaka. Tuseme nyumba 3 kati ya hizo zitavuja, na kila moja atairudia mara 2 ndani ya miaka 5. Hizo ni safari 6. Kila safari ikimgharimu shilingi 70,000 za vifaa, nauli na kibarua, jumla ni 420,000, yaani shilingi 21,000 kwa kila paa. Akiongeza 40,000 kwenye bei ya kila nyumba ameshafidia gharama na kubakiza.

Sasa mchukue fundi mbovu ambaye nyumba 12 kati ya 20 zinavuja. Kwa hesabu ileile ana safari 24, shilingi 1,680,000, sawa na 84,000 kwa kila paa. Dhamana ileile inamgharimu mara nne. Hawezi kuitoa, na akiitoa hataimudu. Kwa hiyo karatasi ya fundi mzuri inasema jambo ambalo mdomo wake hauwezi kusema, kwa sababu mdomo wa fundi mbovu nao unasema hivyohivyo.

Ila karatasi hiyo iandikwe kwa akili. Nimeona moja yenye masharti mengi kuliko ahadi. Mteja akiisoma anaogopa zaidi. Masharti matatu yanatosha. Kwanza, dhamana haihusu uharibifu wa mtu aliyepanda juu kufunga dishi au sola bila kumwita fundi, kwani huo ndio ugomvi wa kila siku. Pili, haihusu bati ambalo mteja alilinunua mwenyewe kinyume na ushauri. Hapo fundi aandike geji aliyoshauri na geji aliyoletewa. Tatu, mteja atoe taarifa mapema anapoona maji, asingoje dari lianguke. Kwa upande wake fundi aandike atakuja ndani ya siku ngapi. Siku 3 wakati wa mvua ni ahadi nzito, na inamvutia mteja kuliko hiyo miaka 5 yenyewe.

Halafu dhamana ina tabia ya kumfundisha aliyeitoa. Fundi anayejua atarudi kwa gharama zake hukata bati kwa mkasi badala ya grenda, maana cheche za grenda huunguza zinki na vipande vinavyobaki juu vinaota kutu. Hupiga msumari kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde panapopita maji. Hupanga bati ili mdomo wa mpishano usielekee upepo. Huhakikisha saruji mbichi haigusi bati la mchanganyiko wa alumini na zinki, kwa sababu inalila. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu mwenye sababu ya kuyakumbuka saa kumi jioni akiwa amechoka.

Kwa wakulima jambo hili ni zito kuliko sebule ya shangazi. Mkulima wa Handeni au Kilindi anayeweka mahindi ghalani akisubiri bei ipande, paa likivuja gunia linalowa na kuvu linaota. Kuvu wengine huzaa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa ghala, fundi anaweza kuuza ukaguzi pamoja na dhamana: aje mara moja kwa mwaka kabla ya masika, akaze misumari, asafishe mifereji, alipwe kidogo. Kwa banda la kuku aseme wazi kwamba bati litachakaa mapema, atoe miaka 2 na ashauri tundu kubwa za hewa.

Na mteja asidhani karatasi ni pambo. Makubaliano ya maandishi yenye sahihi za pande mbili na shahidi ni mkataba, na kwa sheria zetu madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Dhamana ya miaka 5 imo ndani ya muda huo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji. Lakini ushauri wangu ni mwepesi zaidi: zuia asilimia 10 ya malipo ya ufundi mpaka mvua ya kwanza kubwa ipite. Fundi anayejiamini hatakataa, ingawa atanung'unika.

Shangazi alipata fundi mwingine, kijana wa Duga. Aling'oa kofia yote, akabadili papi mbili zilizooza, na akaandika dhamana ya miaka 3 kwenye karatasi ya daftari la shule, jirani akiwa shahidi. Mwezi wa Oktoba, kabla ya vuli, alikuja mwenyewe bila kuitwa, akapanda, akakaza misumari minne na kushuka. Jirani aliyekuwa shahidi alimsubiri chini ya ngazi akiwa na vipimo vya banda lake.