Mpiga kinanda aliyekaa nyuma: kwa nini mashabiki bado wanamkumbuka Richard Wright



Wengi wenu mmezoea kunisikia nikigombana na watu juu ya ngeli na makamusi. Leo naomba ruhusa nizungumzie muziki, tena si taarabu wala dansi, bali roki ya Waingereza. Mtanivumilia. Mwishoni mtaona kwamba jambo lenyewe linatuhusu na sisi.

Oktoba 1994 nilikuwa mwanafunzi hapa Uingereza, nahangaika na tasnifu. Rafiki mmoja akanivuta mpaka ukumbi wa Earls Court, London, kuwatazama Pink Floyd. Nilitoka pale masikio yanavuma, na kwa wiki nzima nikawa nawasimulia wenzangu: mataa, ile skrini kubwa ya duara, gitaa la David Gilmour. Lakini mtu angeniuliza habari za mpiga kinanda, ningebabaika. Basi, tarehe 15 Septemba 2008 ikaja habari kwamba Richard Wright amefariki kwa saratani akiwa na miaka 65. Usiku ule nikazitoa CD zangu nikasikiliza upya, nikiwa na majina ya watunzi mkononi. Kwa kweli niliona haya. Vile vipande nilivyovipenda zaidi, vingi vilitoka kwenye vidole vya mtu ambaye hata sura yake siikumbuki.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia jinsi mashabiki wanavyomkumbuka bwana huyu, na nimegundua kwamba wanamkumbuka tofauti na wanavyomkumbuka mwimbaji au mpiga gitaa. Maombolezo yao yana majuto ndani yake. Wanalia, na papo hapo wanaomba radhi. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni kazi yenyewe ya kinanda. Katika bendi ya roki, mwimbaji anakuja na maneno, mpiga gitaa anakuja na kishindo. Mpiga kinanda anajaza nafasi iliyobaki baina yao. Ni kama chokaa katika nyumba zetu za mawe: mpita njia husifu mlango uliochongwa, hakuna asifuye chokaa, mpaka siku itakapomomonyoka. Wright hakuwa mpiga mbio. Wapo wapiga vinanda wa zama zake waliojaza noti mia pale ambapo yeye alitia tatu. Ufundi wake ulikuwa katika kuchagua zile tatu, na katika kujua lini anyamaze.

Hebu tuchukue mifano. "Echoes" ya mwaka 1971, wimbo wa zaidi ya dakika 23, unaanza kwa noti moja tu ya juu ya piano. Sauti ile ilipitishwa kwenye spika inayozunguka, ikatoka kama tone la maji linaloangukia kisimani. Noti moja, na shabiki yeyote ataitambua hata akiamshwa usingizini. Katika "Breathe", kwenye The Dark Side of the Moon ya 1973, kuna mahali muziki unapinda kidogo kabla ya kurudi mwanzo. Wright mwenyewe alieleza kwamba mpindo ule aliupata kwa Miles Davis, katika albamu ya Kind of Blue ya 1959. Yaani jazi ya Wamarekani weusi iliingia kwenye roki ya Waingereza kupitia mlango wa nyuma, na aliyeshika ufunguo ni mpiga kinanda. Muziki wa "Us and Them" nao aliutunga awali kwa ajili ya filamu ya Antonioni, Zabriskie Point. Mwongozaji akaukataa. Ukakaa kabatini miaka kadhaa, halafu ukawa moja ya nguzo za albamu ile.

Sababu ya pili ni dhuluma, au tuseme kile ambacho mashabiki wanakiona kuwa ni dhuluma. Wright ni mmoja wa waasisi. Alikutana na Roger Waters na Nick Mason mwaka 1962 wakisomea usanifu wa majengo London. Hata hivyo mwaka 1979, katikati ya kurekodi The Wall, aliondolewa. Alimaliza kazi, kisha katika maonyesho ya 1980 na 1981 akapanda jukwaani kama mwajiriwa wa mshahara katika bendi aliyoiasisi mwenyewe. Hapa pana kichekesho ambacho mashabiki hawachoki kukisimulia: maonyesho yale yalikuwa na gharama kubwa mno yakaleta hasara. Wenzake watatu wenye bendi wakaibeba hasara, na aliyetoka na fedha mfukoni ni yule aliyefukuzwa.

Albamu ya 1983, The Final Cut, haina jina lake kabisa. Alirudi mwaka 1987 bila ya hadhi kamili, na mwaka 1994, katika The Division Bell, ndipo alipotambuliwa tena rasmi na kushiriki kutunga nyimbo tano. Mmojawapo, "Marooned", muziki mtupu usio na maneno, ulipata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Kumbe usiku ule pale Earls Court nilikuwa namtazama mtu aliyerudi nyumbani baada ya miaka 15, na mie macho yangu yako kwenye mataa!

Lakini kama mtafiti sina budi kusema kitu ambacho mashabiki wengine hawapendi kukisikia. Wright mwenyewe alikiri kwamba wakati ule wa The Wall ndoa yake ilikuwa inavunjika na hakuwa na mengi ya kuchangia. Kwa hiyo kisa hiki si cha malaika na shetani. Kumbukumbu ya shabiki huchagua, inakata huku na kuongeza kule, kama ilivyo kawaida ya masimulizi yoyote ya shujaa.

Na hata penye utunzi wake Wright, yupo mwingine aliyesahauliwa. "The Great Gig in the Sky" iliandikwa kuwa ni yake peke yake. Ile sauti ya kike inayolia bila ya neno hata moja ni ya Clare Torry, aliyeitwa studio Januari 1973 akalipwa pauni 30. Mwaka 2004 alikwenda mahakamani, na mwaka 2005 wakapatana nje ya mahakama. Tangu hapo jina lake linaandikwa pamoja na la Wright. Mwenye kudai haki ya aliye nyuma, basi ageuke aone kama hakuna mwingine nyuma zaidi.

Sababu ya tatu ndiyo inayonigusa mie zaidi: pengo lake halikuzibika. Wright alijua maana ya kumkumbuka mwenzio kwa kinanda. Mwishoni kabisa mwa "Shine On You Crazy Diamond", ya 1975, wimbo unaomhusu Syd Barrett aliyekuwa kiongozi wao wa mwanzo, muziki unapofifia Wright anapenyeza noti chache za "See Emily Play", wimbo wa Barrett wa 1967. Hasemi kitu. Anayejua anajua.

Alipokufa yeye, Gilmour aliandika kwamba katika mabishano yote ya nani hasa alikuwa Pink Floyd, mchango mkubwa wa Wright ulisahauliwa mara nyingi. Siku nane baada ya msiba, kwenye televisheni ya BBC, aliimba "Remember a Day", wimbo ambao Wright aliutunga kwa albamu ya 1968. Mwaka 2014 ikatoka The Endless River, iliyojengwa juu ya rekodi za 1993 ambamo Wright bado yumo, anapiga.

Halafu kuna "Echoes". Mwaka 1971 bendi ilipigwa filamu ndani ya uwanja wa kale wa Pompeii, hakuna mtazamaji, na wimbo ule ndio uliokuwa moyo wa filamu. Julai 2016 Gilmour alirudi palepale, safari hii mbele ya watu. Kila shabiki alijua wimbo gani ungefaa. Hakuupiga. Alieleza kwamba namna yeye na Wright walivyokuwa wakijibizana ndani yake haifundishiki kwa mtu mwingine. Nadhani hakuna tanzia iliyompata Wright kuliko huo wimbo usiopigwa.

Sasa nirudi kwetu, kama nilivyoahidi. Katika taarabu tunamtunza mwimbaji. Tunainuka na noti zetu, tunazipepea, tunampa yeye. Mpiga kanuni, mpiga fidla na mpiga akodiani wamekaa pale nyuma, jasho linawatoka. Hebu kila mmoja wetu ajiulize: nyimbo zile tulizokuja nazo ughaibuni, kwenye kaseti na baadaye kwenye simu, tunawajua waimbaji wake wote. Nani alipiga akodiani? Mie nimejaribu kuandika orodha yangu, nimekwama kwenye jina la tatu.

Wazee waliokuwapo wakati wa kurekodi bado wapo baadhi yao, Unguja, Mombasa, Tanga, hata Maskati. Mkienda likizo mwaka huu, kaeni nao, muwaulize, muandike majina. Wright alipata watu wa kumwomba radhi. Wetu wengi hatutawajua hata majina tukichelewa.