MAFUNZO YA KAZI YENYE POSHO KATIKA UHIFADHI WA NDEGE NA MISITU: MWANAFUNZI AJUE NINI?



Ndugu wanafunzi, kila mwaka wenzenu wanaokaribia kumaliza kidato cha nne hutuuliza suali moja: wasome nini ili wapate kazi ya halali? Wengi hutaja udaktari, ualimu na uhasibu, na yote hayo ni mema. Lakini ipo kazi nyingine ambayo sisi watu wa Moa tumezaliwa katikati yake, nayo ni kuhifadhi misitu na ndege. Katika makala hii tutaeleza hatua ya mwanzo ya kazi hiyo, yaani mafunzo kwa vitendo, na kwa nini suala la posho ni kubwa kwa mtoto wa mvuvi au mkulima.

MAFUNZO HAYA NI NINI?

Mwanafunzi wa chuo hawezi kuijua kazi kwa kusoma darasani peke yake. Kwa hiyo hupelekwa mahali pa kazi kwa wiki au miezi kadhaa, akafanya kazi chini ya msimamizi, kisha akaandika ripoti. Wanafunzi wenyewe husema "kwenda fildi". Wapo pia waliokwisha kuhitimu, ambao hupokelewa na taasisi kama wanagenzi ili wapate uzoefu kabla ya kuajiriwa.

Mafunzo hayo ni ya namna tatu. Namna ya kwanza, anayekupokea hukulipa posho ya chakula, malazi na nauli. Namna ya pili, hupewi kitu, unajitegemea. Namna ya tatu, wewe ndiye unayelipa ili upokelewe, na hii zaidi ni ya wageni kutoka nchi tajiri wanaokuja kujitolea. Jina linaweza kuwa moja, lakini mambo ni mbalimbali. Basi mtu asifurahie jina kabla ya kujua yeye yuko namna gani.

KAZI YENYEWE HUFANYWAJE?

Upande wa misitu, mwanafunzi hufundishwa kupima. Hupimwa kipande cha msitu kwa kamba, kwa mfano mita 10 kwa 10, kisha kila mti uliomo ndani yake huandikwa jina na unene wa shina. Kwa kawaida shina hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Lakini mkoko wenye mizizi ya juu hupimwa juu ya mizizi hiyo, kwani chini yake hakuna shina la kupimwa. Kutokana na vipimo hivyo hujulikana msitu unakua au unakwisha.

Upande wa ndege, kazi kubwa ni kuhesabu. Kila mwezi Januari nchi nyingi huhesabu ndege wa majini kwa pamoja, ili ijulikane wanazidi au wanapungua. Ndege wengine hunaswa kwa nyavu nyembamba, hupimwa uzito, huvishwa pete ndogo mguuni yenye namba, kisha huachiliwa. Pete ile ikionekana nchi nyingine, safari ya ndege yule hujulikana.

Tuchukue mfano wa ndege mla kaa, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayeonekana kwenye fungu maji yanapotoka. Ndege huyu hazaliani kwetu. Huzaliana katika pwani za Ghuba, Omani na Bahari ya Shamu, akichimba shimo mchangani na kutaga humo, kisha huja kwetu kutafuta riziki. Anayemhesabu hapa Tanga anawasaidia na wale wa Omani.

KWA NINI POSHO NI JAMBO KUBWA?

Tuseme kijana wa Moa amekubaliwa kufanya mafunzo katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 na ambayo imo mkoani mwetu. Atahitaji nauli ya kufika Muheza na kupanda mlimani, chumba, chakula, buti za mvua na koti la baridi. Yote haya kwa miezi miwili au mitatu, na nyumbani hakuna anayeingiza badala yake. Pasipo posho, nafasi ile huchukuliwa na mwenye mzazi wa kumtumia fedha. Kwa njia hiyo yule anayejua maji yanajaa lini na mchu unaota wapi hubaki nyuma, si kwa kukosa akili bali kwa kukosa nauli.

Aidha, hili si jambo geni kwa fiqhi tuliyoisoma. Katika mlango wa ijara tumefundishwa kwamba kazi ijulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane kabla ya kuanza. Na aliyeahidiwa malipo asicheleweshewe.

Historia nayo ina mafunzo. Bwana Reginald Moreau, Mwingereza aliyeishi Amani kuanzia mwaka 1928, ni maarufu kwa elimu ya ndege wa Usambara. Lakini msituni alifanya kazi pamoja na Salimu Asumani, Mwafrika aliyekuwa hodari wa kuwatafuta na kuwatambua ndege hao. Huko Zambia ndege mmoja aliyepatikana mwaka 1964 alipewa jina la kisayansi la Jali Makawa, mtambuzi hodari aliyeshirikiana na mtaalamu Benson. Watu wetu hawakukosa ujuzi tangu zamani. Walichokosa wengi ni cheti na nafasi ya kuandika kwa jina lao.

NAFASI HUTAFUTWA WAPI?

Njia iliyo wazi zaidi ni kupitia chuo. Vipo Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, kilichoanza mwaka 1937. Chuo cha Wanyamapori Mweka, kilichoanza mwaka 1963. Na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Huko mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya masomo. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayepata mkopo wa Bodi ya Mikopo anaweza kupangiwa fedha za mafunzo hayo, lakini akumbuke kuwa huo ni mkopo na utarejeshwa.

Wenye misitu na ndege ni wengi: Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), Taasisi ya Utafiti wa Misitu (TAFORI), Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili (TFCG), na Nature Tanzania inayoshughulikia ndege. Nafasi na posho hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo barua iandikwe mapema, ipitie chuoni, na itaje wazi kazi unayotaka kujifunza.

Tusisahau majirani zetu. Huko Gazi, Kenya, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanahifadhi hekta 117 za mikoko, na tangu mwaka 2013 wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti yao inaihifadhi. Fedha zimesaidia maji na skuli. Mwaka 2019 mradi kama huo ulizinduliwa Vanga, Jimbo na Kiwegu, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Miradi ya namna hii huhitaji watu wa kupima miti kila mwaka, na anayefaa zaidi ni mwenyeji aliyesoma.

MASUALI YA KUULIZA KABLA YA KUKUBALI

1. Posho ni kiasi gani, na hulipwa mwanzo au mwisho wa mwezi?
2. Malazi na chakula ni juu ya nani?
3. Nikiumia msituni au baharini, nani atanitibu?
4. Msimamizi wangu ni nani, na nitapewa barua ya kuthibitisha kazi niliyofanya?
5. Je, natakiwa kutoa fedha yoyote? Ukiambiwa utoe "ada ya nafasi" kwa mtu binafsi, ondoka.

Majibu yawe kwa maandishi. Na wale wadogo waelewe kuwa sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kazi yenu sasa ni kusoma.

TUANZIE WAPI HAPA MOA?

Anza na daftari. Andika tarehe, saa, hali ya maji na ndege uliowaona. Jifunze kutofautisha mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana na mkomafi kwa jani na kwa mzizi, na waulize wazee majina wanayoyajua. Shikilia sana baiolojia, jiografia na hesabu, wala usiidharau lugha ya Kiingereza, kwani ripoti nyingi huandikwa kwayo. Wasichana nao wasijione wametengwa, kwani kuhesabu na kupima hakuchagui. Muhimu ni wazazi waelezwe mahali pa kulala na nani msimamizi.

Mwenye daftari la mwaka mzima akienda kuomba nafasi, ana kitu cha kuonyesha mkononi ambacho mwenye nauli peke yake hana.

Tunamuomba Allah awafungulie milango ya kheri na riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.