Govi Linalobana: Pima Kwanza, Kata Baadaye

Usukumani jando halikuwa mila ya lazima. Mwanaume wa zamani wa Nyegezi, jijini Mwanza, angeweza kukua, kuoa na kuzeeka na govi lake bila mtu kumuuliza. Mambo yalibadilika baada ya tafiti za Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda kuonyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke. Mwaka 2007 WHO na UNAIDS wakaipendekeza, na Mwanza ikawa miongoni mwa mikoa iliyopewa kipaumbele nchini Tanzania. Tangu hapo govi linatangazwa kwa vipaza sauti, na utani wa kuliita "mkono wa sweta" umepata uhai mpya.

Katika kelele hizo amesahaulika mwanaume ambaye shida yake si VVU, bali govi linalobana lisivutike nyuma. Kitabibu hali hiyo huitwa fimosisi. Mkojo humtoka kwa kujikamua, govi huvimba kama puto anapokojoa, tendo la ndoa humchana, na uchafu usiofikika kwa maji huleta maambukizi ya kila mara. Kumwambia mtu huyo "oga vizuri" ni ushauri mzuri kwa mwenye govi jingine.

Kwanza tutenganishe umri. Karibu kila mtoto wa kiume huzaliwa govi likiwa limeshikana na kichwa cha uume, nalo huachia lenyewe polepole, kwa wengine hadi wanapobalehe. Mtoto huyo si mgonjwa. Mwenye haraka ni mtu mzima. Kulivuta kwa nguvu wakati wa kumwogesha huchana ngozi, na kovu linalobaki ndilo linaloweza kuleta ubanaji wa kweli.

Kwa mtu mzima, sababu ndiyo huamua tiba. Kama ngozi bado ni laini, daktari anaweza kuanza na krimu ya steroidi, kwa mfano betamethasoni. Hupakwa kidogo kwenye ukingo unaobana huku govi likivutwa taratibu bila kuumiza, kwa wiki 4 hadi 8. Wengi hupona hapo. Kama ukingo umekuwa mweupe na mgumu, mara nyingi krimu haitoshi, na tohara ndiyo tiba ya uhakika. Hufanyika kwa ganzi, na mgonjwa huambiwa asishiriki tendo la ndoa kwa wiki 6. Wiki hizo huonekana ndefu kuliko miaka yote ya kuvumilia. Upo pia upasuaji mdogo wa kupanua govi bila kuliondoa, kama yupo daktari anayeumudu.

Mwenye govi lililoanza kubana ukubwani apimwe pia sukari, maana wakati mwingine kisukari hujitangaza hivyo. Na govi likivutwa nyuma likagoma kurudi, hiyo ni dharura: nenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri asubuhi.

Tohara ya kampeni ni huduma nzuri na haitozwi fedha. Lakini kuwa bure hakuifanyi kuwa jibu pekee. Wewe unayeumia kimyakimya, nenda ukapimwe, uliza ngozi yako iko hatua gani, ndipo uchague. Na mhudumu wa afya, mweleze mgonjwa habari za krimu kabla ya kumwonyesha kitanda.