Adui Apandaye Basi Bila Nauli

Askari amefundishwa kumtambua adui kwa nyayo zake, kwa moshi wa moto wake na kwa mlio wa silaha zake. Yuko, hata hivyo, adui asiyeacha nyayo wala moshi. Alfajiri hupanda basi la Kamenge au la Kanyosha pamoja na wafanyakazi, wanafunzi na akina mama wachuuzi. Nauli halipi. Kisha hushuka penye lango la kambi pamoja na askari arejeaye kazini, na usiku hulala bwenini kana kwamba jina lake limo katika orodha ya kikosi. Adui huyo ni maradhi yaenezwayo kwa pumzi: mafua makali, kifua kikuu na korona.

Tarehe 31 Machi 2020 Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa 2 wa kwanza wa korona nchini Burundi. Tarehe 30 Juni mwaka huo Rais Evariste Ndayishimiye, aliyekuwa ameapishwa siku chache tu kabla, aliyataja maradhi hayo kuwa adui mkubwa wa taifa. Mwezi wa Julai upimaji wa watu kwa wingi ulianza katika Bujumbura, na chanjo ikaanza kutolewa Oktoba 2021. Mwezi wa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya kimataifa imekwisha. Tangu hapo wengi wetu tumeweka silaha chini. Lakini mafua hayakutia sahihi mkataba wowote wa amani, wala kifua kikuu hakikutia.

Hapana budi kwanza tujue njia aipitayo adui. Mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kusema kwa sauti, hutoa matone ya mate. Yaliyo makubwa huanguka upesi. Yaliyo madogo mno huelea hewani kama moshi wa sigara. Mahali penye upepo hutawanyika. Ndani ya gari lililofungwa hujikusanya, na kila abiria huyavuta kifuani, hata yule aliye mbali na mgonjwa.

Ushahidi upo. Mwezi wa Januari 2020, katika jimbo la Zhejiang nchini China, waumini walikwenda ibadani kwa mabasi 2. Katika basi moja lenye watu 68 alikuwamo mgonjwa mmoja, na kiyoyozi kilikuwa kikizungusha hewa ile ile. Watu wengine 23 wa basi hilo waliambukizwa. Katika basi la pili lenye watu 60 hakuambukizwa hata mmoja. Tena ndani ya basi lile lenye mgonjwa, wengi wa walioketi kando ya madirisha walisalimika, na dereva pia.

Tukio la zamani zaidi lilitokea Alaska, Marekani, mwaka 1977. Ndege yenye watu 54 iliharibika injini, ikakaa chini kwa muda wa saa tatu hivi, na mitambo yake ya kuingiza hewa haikufanya kazi. Abiria mmoja alikuwa na homa ya mafua. Katika siku 3, asilimia 72 ya abiria waliugua. Na kadiri mtu alivyokaa ndani muda mrefu, ndivyo hatari yake ilivyozidi. Fundisho lake ni wazi: chombo kilichosimama, kimejaa watu na kimefungwa, ndicho hatari kuliko vyote. Basi linalongoja kujaa abiria kituoni, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya mvua ya Novemba au vumbi la Julai, liko katika hali hiyo hiyo.

Wako watakaosema: basi tupunguze abiria. Kenya ilifanya hivyo Machi 2020, matatu ya watu 14 ikaamriwa kuchukua 8. Mpango ulisaidia kuwatenganisha watu, lakini nauli zilipanda, na mzigo ukamwangukia mnyonge. Bujumbura yenyewe imepita katika vipindi vigumu vya uhaba wa mafuta, foleni za abiria zikawa ndefu. Na mwaka 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilikatazwa katikati ya jiji. Mtu aliyesubiri basi muda mrefu, na nyumbani anangojwa na watoto, si rahisi kumwambia asipande. Lakini kufungua dirisha hakumpunguzii dereva hata faranga moja, wala hakumwongezei abiria nauli. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndani ya basi mambo yamegeuka: ufa ndio utuokoao. Mvua ikinyesha, madirisha yaachwe wazi kidogo pande zote mbili, mbele na nyuma, hewa ipate pa kuingilia na pa kutokea.

Hapa ndipo wajibu wa polisi wa barabarani unapoonekana. Anapokagua magurudumu na taa, na aangalie pia kama madirisha yanafunguka. Dirisha lililokwama ni hitilafu ya gari. Na aseme kwa upole, maana mwananchi hulifuata neno la heshima kwa moyo kuliko kelele za filimbi.

Nasi wanajeshi tusiwatazame raia peke yao. Lori lenye turubai lililofungwa pande zote halina tofauti na basi. Tena askari safarini huimba, na kuimba hutoa matone mengi kuliko kupumua kimya. Nyimbo zisikatazwe, kwa kuwa ndizo moyo wa kikosi. Turubai na likunjwe upande wa nyuma na wa mbele, hewa ipite.

La mwisho lamhusu mgonjwa mwenyewe. Mwenye kikohozi na avae barakoa au azibe mdomo kwa leso au kwa kiwiko, na anawe mikono kwa sabuni. Aliyekohoa majuma mawili au zaidi asijikaze kiume. Aende akapimwe kifua kikuu. Maradhi hayo hutibika kwa dawa zinywewazo kwa kawaida miezi 6, na mgonjwa azitumiaye barabara huacha kuambukiza wengine baada ya muda si mrefu. Kamanda amwonaye askari wake akikohoa kila asubuhi gwarideni, kisha akanyamaza, ameacha lango la kambi bila mlinzi.

Ulinzi wa taifa hauanzii mpakani tu. Kesho alfajiri utakapoketi ndani ya basi, nyoosha mkono, fungua dirisha.